Niliwapelekea goti, wakauliza sigara

Goti langu la kulia lilitoa mlio kabla halijatoa maumivu. Tulikuwa tunacheza mpira, watu wazima tusiopasha misuli, nami nikataka kugeuka kama nilivyokuwa nikigeuka nikiwa na miaka ishirini. Mguu ukabaki chini, mwili ukaenda. Ko! Kama kijiti kikavu kimevunjwa ndani ya kitambaa. Nikakaa kwenye nyasi, nikajipapasa, nikaona hakuna damu wala mfupa uliochomoza, nikamwambia aliyekuwa karibu: "Hebu nipe fegi kwanza."

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kisa hiki nikiiruka hiyo fegi. Nilidhani goti ni habari moja na sigara ni habari nyingine, na hiyo ya pili haimhusu mtu.

Usiku ule goti lilijaa hadi pia yake haikuonekana. Nikalifanyia kila alichoshauri kila aliyepita: maji ya moto, dawa ya kuchua, rafiki mmoja akalikanda kwa vidole vyake vigumu mpaka nikang'ata mto. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba siku mbili tatu za mwanzo, joto na kukanda ndiyo chakula cha uvimbe. Hata barafu nayo ina maneno yake. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ile kanuni ya kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Miaka mingi baadaye mwenyewe akaandika kwamba barafu na kulala tu kitandani huenda vinachelewesha kupona. Siku hizi wanasema pumzika kidogo, funga, inua mguu, kisha anza kuusogeza mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mimi sikufanya hata kimoja kati ya hivyo. Nilichechemea siku kumi na tisa.

Siku kumi na tisa ni nyingi kwa mtu ambaye hawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta. Niliwaambia watu nimebanwa na kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa. Miaka mitatu kabla ya hapo nilikwenda kituo kimoja cha afya na kikohozi, na yule aliyenipokea, alipojua navuta, aliacha kunisikiliza kifua akaanza kunihutubia. Alinionyesha kwa kidole mlango wa wodi akasema mwisho wangu uko pale. Mlango ulikuwa wazi, wagonjwa wengine wananitazama. Nikatoka na dawa ya kikohozi, na nje ya geti nikawasha mbili mfululizo. Siwezi kusema alinidanganya. Ila tangu siku ile, kila fomu iliyoniuliza sigara ngapi kwa siku niliiandikia "tano", na kila maradhi niliyoweza kuyavumilia niliyavumilia.

Kilichonipeleka kliniki mwishowe ni goti kukwama. Nilikuwa nashuka kwenye gari, likagoma kunyooka. Nilisimama pale mguu mmoja ukiwa umekunjika kama wa korongo, kwa muda ulioweza kuwa dakika moja au tano, hadi likaachia lenyewe kwa kishindo kidogo. Hapo niliogopa kweli.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alianza na goti zima, la kushoto, nikadhani amekosea mguu. "La kushoto ndilo litakaloniambia lako huwa vipi likiwa salama," akasema. Kisha akashika paja la kulia kwa mkono mmoja, muundi kwa mwingine, akavuta muundi mbele kidogo, taratibu, kama mtu anayejaribu droo. Alikuwa anaipima kano ya mbele ya msalaba, ile inayokatika kwa wachezaji. Akaridhika nayo. Halafu akaubonyeza mstari wa kiungo kwa kidole gumba upande wa ndani, nikaruka.

"Ulipoumia uliweza kutembea hatua nne?"

"Niliweza, kwa kuchechemea."

"Unaweza kulikunja hadi hapa?" Akaonyesha pembe mraba. Nikaweza, kwa shida. Akabonyeza pia ya goti, akabonyeza kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje, akanieleza kwamba maswali na mabonyezo hayo ndiyo yanayomwambia kama kuna haja ya eksirei ya kutafuta mfupa uliovunjika. Mimi nilikuwa nimeshajiandalia ugomvi: nilitaka eksirei, niliona bila eksirei nimepunjwa. Akasema, "Kaka, eksirei inaona mfupa. Kilichochanika kwako si mfupa." Akaandika MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini za ndani ya kiungo.

Na hapo, akiwa bado anaandika, bila kuinua kichwa: "Sigara ngapi kwa siku?"

"Tano. Sita hivi."

Hakubisha. Alifungua droo akatoa kifaa kidogo chenye mrija wa karatasi, akaniambia nivute pumzi, niizuie kwa sekunde kumi na tano, kisha nipulize polepole hadi mwisho. Namba zikapanda. Zikasimama kwenye 24. Akanigeuzia nione, akanieleza kwamba kile kinapima monoksidi ya kaboni, hewa ya moshi inayoshika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na kwamba kuanzia 10 hivi kwenda juu mara nyingi ni mtu anayevuta. "Hiki hakina maneno," akasema. "Kinasoma tu. Mtu wa sigara tano, saa nne hii ya asubuhi, kwa kawaida hafiki 24. Sasa niambie ngapi, nijue nakuandikia dawa ya mtu gani."

"Ishirini. Siku nyingine ishirini na tano."

Akaandika 20–25, uso uleule. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nikiamka, inapita muda gani kabla ya ile ya kwanza? Nikamwambia naiwasha kabla sijavaa kandambili. Nilikuja kujua kwamba swali hilo limo katika kipimo cha Fagerström, mwanasaikolojia wa Uswidi, na kwamba linaeleza uzito wa utumwa wa mtu kuliko mengi mengine. Anayeiwasha ndani ya dakika tano za kuamka ana mzigo mkubwa. Mimi ndiye.

Bado sikuelewa hayo yote yanahusu nini goti. Nilielewa nilipokwenda kwa daktari wa upasuaji na picha zangu. Ndani ya kila goti kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, wenyewe wanaviita meniskasi, vinavyokaa katikati ya mifupa kama kitako cha mpira. Changu cha ndani kilikuwa kimechanika. Akachukua kalamu akachora mwezi, akatia wino mwekundu ukingo wa nje tu. "Damu inafika hapa," akasema, "huku ndani haifiki. Ungechanika huku, mara nyingi tunakata kipande tunatupa. Wewe umechanika kwenye ukingo. Pana damu kidogo, panaweza kushonwa, panaweza kupona." Kisha akaweka kalamu chini. "Lakini hiyo damu kidogo wewe unaibana mara ishirini kwa siku."

Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Moshi huingiza ile hewa inayokalia nafasi ya oksijeni. Mahali penye damu tele mwili unaweza kuvumilia wizi huo. Kwenye ukingo wa gegedu, ambako damu inafika kwa kubahatisha, hapana. Wavutaji mifupa yao inachelewa kuunga, vidonda vyao vinaoza zaidi, mishono ya gegedu inawaachia mara nyingi zaidi. Hakunitisha, alikuwa anazungumza kama fundi anayeeleza kwa nini hatapaka rangi ukuta mbichi. Masharti yake: wiki nne kamili bila moshi kabla ya kisu, na kuendelea baada yake. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa kauli hiyohiyo Januari 2020, kwamba anayeacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza matatizo ya baada yake. Akanipangia tarehe wiki sita mbele na kusema atanipulizisha kile kifaa kwanza.

Nilitoka pale nimeudhika. Niliona ninafanyiwa biashara ya mguu wangu. Leo nasema wazi kwamba bila goti nisingeacha. Mapafu hayajawahi kunitisha, maana mapafu yalikuwa mbali, ya uzeeni. Nilikuwa nimesikia habari za madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa tangu 1951, kwamba wavutaji kwa wastani walikufa mapema kwa miaka kumi hivi, na anayeacha akiwa na miaka arobaini huokoa karibu tisa kati yake. Nilikuwa na arobaini na moja. Habari hiyo haikunitoa kitini. Goti lilikuwa hapa, leo, linaniuma kwenye ngazi.

Muuguzi wa kliniki ya kuacha sigara alikuwa mama mtu mzima, naye nilimwita mama tangu siku ya kwanza. Yeye alinipa vibandiko vya nikotini vya miligramu 21, kimoja kila asubuhi, begani au mkononi juu mahali pasipo na nywele, kesho yake unahamisha upande. Wiki sita za 21, wiki mbili za 14, wiki mbili za 7. Na chingamu za nikotini za miligramu 4, kwa sababu ya ile sigara ya kabla ya kandambili. Anayekaa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka hupewa za 2. Kibandiko kinashikilia siku nzima, chingamu inapambana na hamu ya ghafla. Alisema kutumia vyote viwili pamoja kunasaidia kuliko kimoja. Vipo pia vidonge, vareniklini na vingine, akaniambia tutavifikia hivi vikishindwa. Nikamuuliza kama daktari wa upasuaji hatanuna kuona bado naingiza nikotini. Akasema kibandiko hakina moshi, na kati ya kibandiko na pakiti, hakuna daktari atakayekuchagulia pakiti.

Sasa, chingamu. Hapa ndipo nilipotaka kurudisha kila kitu. Siku ya kwanza niliitafuna kama chingamu yoyote, nikapata kwikwi ya saa nzima na kiungulia juu yake, na hamu ipo palepale. Nikampigia mama simu kwa hasira. Akacheka mpaka nikasikia ameketi. "Baba, ile si ya kutafuna. Itafune polepole hadi uhisi pilipili, kisha ifiche kati ya shavu na ufizi. Pilipili ikiisha, tafuna tena mara chache, ifiche upande mwingine. Nusu saa." Nikotini hiyo inapita kwenye ngozi ya ndani ya shavu, ukiimeza inaishia tumboni na kukuletea kwikwi. Na usinywe kahawa wala maji ya matunda dakika kumi na tano kabla yake, uchachu unaizuia kupita. Nashuku nusu ya watu wanaosema chingamu hazifanyi kazi walizitafuna kama mimi.

Kahawa nayo ilinifanyia kituko. Wiki ya kwanza moyo ulinidunda, mikono ikatetemeka, nikakesha macho kodo hadi alfajiri. Nikajua hiyo ndiyo arosto. Mama akauliza vikombe vingapi. Vitano, kama siku zote. Kumbe moshi wa sigara huifanya ini ivunje kafeini haraka. Ukiacha, ini inarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vile vile vitano vinakaa mwilini kama vimekuwa karibu kumi. Nilipunguza hadi viwili na usiku wa tatu nikalala. Kibandiko nacho nikawa nakivua kabla ya kulala, maana kilikuwa kinaniletea ndoto zenye rangi kali kupita kiasi; katika mojawapo nilivuta sigara na nikaamka nikijilaumu.

Arosto yenyewe ilikuwa kali siku ya pili na ya tatu. Niliwafokea watu wa nyumbani kwa sababu ya kijiko. Baada ya hapo ikageuka ikawa mawimbi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wimbi moja halidumu, dakika tatu hadi tano tu, kisha linashuka hata usipofanya kitu. Mimi nilikuwa nadhani hamu isipopewa inapanda tu mpaka mtu apasuke.

Na hapa goti na sigara vikakutana mahali ambapo sikupatarajia. Mtaalamu wa fiziotherapia, kijana aliyeniita mzee ingawa si mzee, alichukua futi ya kushonea akapima mapaja yangu sentimita kumi juu ya pia ya goti. La kulia lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita tatu. Wiki tano tu! Akanieleza kwamba goti lililovimba hupeleka ujumbe unaouzima msuli wa mbele wa paja, hata ukiamrisha msuli hausikii. Ndiyo maana mguu ulikuwa unanilegea ghafla, si udhaifu wa mfupa. Akaniwekea taulo iliyoviringishwa chini ya goti: libonyeze taulo chini, shikilia kwa kuhesabu tano, achia. Mara ya kwanza nilitazama paja langu na halikutikisika. Nilikuwa naliamrisha kwa akili yote, jasho linanitoka, na msuli umelala kama wa mtu mwingine. Akaweka vidole vyake juu yake akagonga-gonga, akasema "hapa, hapa." Mara ya sita ukaruka kidogo, kama samaki chini ya maji.

Zoezi lile, mara kumi, linachukua kama dakika mbili. Kunyanyua mguu ulionyooka mara kumi, dakika mbili nyingine. Nikafanya hesabu mwenyewe: jumla yake ni urefu wa wimbi. Hamu ikija nikiwa kazini nasukuma kiti nyuma, natandika taulo chini ya goti. Wenzangu walizoea. Kuna siku nilifanya mizunguko kumi na minne, na kijana wa fiziotherapia akanikataza, goti likavimba upya kwa bidii yangu ya kijinga. Nane zilitosha, akasema, zilizobaki tembea uwanjani.

Siku ya kumi na saba nilivuta. Haikuwa msiba wala ugomvi. Ilikuwa jioni, mwenzangu alitoa pakiti, nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Mbili. Ya kwanza ilikuwa na ladha ya karatasi iliyoungua, na ya pili niliivuta kwa sababu nilishaharibu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili nikipanga uongo. Monoksidi inatoka mwilini kwa siku moja au mbili, nilijua sasa. Ningepuliza nikaonekana safi. Mashine isingenisema.

Nikaenda nikapuliza. Ilisoma 3. Mama akatabasamu, akachukua kalamu. Nikasema, "Mama, juzi nilivuta mbili."

Kalamu ikasimama. Nikangoja ule mlango wa wodi.

"Saa ngapi?" akauliza. "Nani alikuwa karibu? Kibandiko ulikuwa nacho?" Kibandiko kilikuwa kimebanduka kwa jasho mchana na sikubandika kingine. Akasema basi hapo ndipo penye tundu, akanipa vitatu vya akiba vya kukaa kwenye mkoba, na kuniambia nisianze kuhesabu upya kutoka moja. Siku kumi na saba ni siku kumi na saba, alisema, mbili zile hazijazila. Juu ya daftari akaandika "2", na tarehe.

Nilipasuliwa wiki ya saba badala ya sita, kwa ajili ya hizo mbili. Daktari alitaka wiki zake nne kamili nami sikuwa na hoja. Alipitisha kamera kwenye tundu dogo, akashona. Baada yake nikavaa mkanda wa chuma unaozuia goti lisikunjike kupita nyuzi 90 kwa wiki sita, na magongo mawili. Magongo ni dawa ya sigara ambayo hakuna anayeitaja: mikono yote miwili ina kazi. Kuchuchumaa kabisa nilikatazwa kwa miezi minne. Kikohozi kilizidi badala ya kupungua, nikahofu, kumbe vinyweleo vya ndani ya njia ya hewa vilivyokuwa vimelala chini ya moshi vinaamka na kufagia. Kiliisha chenyewe. Uzito umeongezeka kilo nne, goti halizipendi, tunalumbana nazo.

Miezi kumi na minne sasa. Paja la kulia sasa ni jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita moja tu. Ngazi nashuka bila ukuta, ila asubuhi za baridi goti linajitambulisha. Mpira sijarudi, na sijaamua.

Mwezi uliopita nilikwenda kung'oa jino. Binti wa mapokezi akanipa fomu: Unavuta sigara? Visanduku viwili, ndiyo na hapana. Hakuna cha tatu. Nikakaa na ile kalamu muda mrefu kuliko ilivyostahili, watu wakinipita. Mwisho sikutia alama popote. Pembeni, kwa herufi ndogo, nikaandika: 20–25 kwa miaka kumi na tisa, nimeacha, pamoja na tarehe, na chini yake, kwa kuwa nafasi ilikuwapo: mbili siku ya 17.